Saba Niliyoiandika kwa Uvivu

Nyinyi mnaoandika programu siku hizi mmekaa kwenye viti vinavyozunguka, mmenitumia ujumbe mkitaka niwaambie jambo moja muhimu nililojifunza kazini. Nadhani mlitaka habari za ujasiri: mwanamke wa mtaa wa Buyenzi mbele ya kompyuta wakati wa vita, risasi zinalia milimani, na mengine ya namna hiyo. Habari hizo ninazo, na baadhi ni za kweli. Lakini nililojifunza ni hili: usiandike tarakimu tupu katikati ya programu. Ipe jina, kisha iweke juu, mahali inapoonekana.

Najua mmevunjika moyo. Mimi pia nilivunjika moyo mwalimu wangu aliponiambia hivyo, nikaona ananipotezea muda. Kwa kuwa sikumsikiliza, kwa majuma kumi na moja niliwanyima chakula akina mama wa Kanyosha, pembezoni mwa mji wetu, mimi ambaye sijawahi kumnyima jirani hata chumvi. Nitawaeleza ilivyokuwa, na tafadhali msinikatize, maana nikikatizwa naanza upya.

Ofisi yetu ilikuwa Mutanga Sud, katika nyumba ya kupanga yenye maua mengi na choo kimoja. Kazi yake ilikuwa kuchapa kadi za chakula za watu waliokimbia makwao na kujibanza pembezoni mwa mji. Jina lake silitaji. Ilikwisha kufa, na waliokuwa wakubwa wake wamekuwa wakubwa mahali pengine. Niliingia pale kama encodeuse, yaani mwenye kuyatoa majina kwenye fishi, zile fomu za karatasi za kila familia, na kuyaingiza kwenye mashine. Kompyuta zilikuwa mbili, moja ya kazi na moja ya Chef, mkubwa wetu. Ya Chef ilidumu zaidi kwa sababu haikuwahi kuwashwa.

Programu iliandikwa na Mwalimu Byamungu. Alikuwa mtu wa Bukavu, aliyefundisha hesabu huko mpaka vita vya kwao vikamleta kwenye vita vya kwetu. Ukimuuliza kwa nini alihama, alisema alitaka kubadilisha hewa. Aliniona ninavyopiga herufi haraka, akaona ni hasara nibaki kuingiza majina tu, akaanza kunifundisha kuandika programu kwa lugha ya Pascal, saa ya mapumziko, kila mmoja na chapati yake mkononi. Mafuta ya chapati zile yaliingia kwenye kibodi na hayakutoka tena.

Sasa sikilizeni alivyopanga kazi yake, maana sijaona mpango bora kuliko ule. Juu kabisa ya programu, kabla ya amri yoyote, aliweka zile namba zisizobadilika programu inapotembea. Vitabuni mnaziita thabiti, sisi tuliziita constantes. Alizigawa mafungu matatu, na kila fungu likawa na kichwa chake. Fungu la kwanza aliliita Za Mungu: siku za wiki, saa za siku, gramu za kilo. La pili, Za Chef: kilo za maharage kwa mtu, kilo za unga, siku ya kugawa. La tatu, Za Karatasi: mistari ya fishi, upana wa kadi, idadi ya herufi za jina.

“Madame Zuhura,” aliniambia, “kila namba iko na mwenyewe. Ukijua nani anaweza kuibadilisha, utajua pa kuiweka.”

“Lakini hizi za Chef zinabadilika kila wiki, Mwalimu. Mbona unaziita constantes?”

“Zinabadilika wakati Chef iko anaongea. Programu ikianza kutembea, Chef hana la kusema. Iyo njo constante.”

Nilicheka, lakini sikuelewa. Miaka ile ilikuwa vigumu kuelewa neno hilo. Serikali ilitangaza hatua za muda, na hizo za muda zikakaa miaka. Bei zilizotangazwa kuwa za kudumu zilimaliza siku tatu. Kizuizi cha barabarani kilichowekwa kwa usalama wa juma moja kilipata mti wa kivuli, kisha kibanda, kisha mama muuza brosheti za nyama. Mtu aliyekulia katika mji ule, ukimwambia kuna kitu hakibadiliki, anakutazama kwanza aone kama umelewa.

Namba yangu ya balaa ilitoka fungu la tatu. Wakati wa embago, nchi jirani zilipotufungia mipaka, karatasi iliadimika, na Chef wetu, bwana mmoja mrefu wa Kinanira aliyependa suluhisho, akaamuru kila karatasi ikatwe katikati kwa rula na wembe. Nusu ile ilitosha mistari saba ya majina. Familia yenye watu zaidi ya saba ilijaza nusu mbili na kupewa kadi mbili. Byamungu akaandika kule juu, LIGNES_FICHE = 7, yaani mistari ya fishi ni saba, na pembeni akaongeza maneno: karatasi ikirudi, badilisha hapa tu.

Siku moja akanipa kazi yangu ya kwanza ya kweli, niandike sehemu inayochapa kadi. Nilijisikia mkubwa. Sasa, kwenye kibodi yetu herufi E ilikuwa inakwama, nadhani kwa sababu ya yale mafuta, na ilibidi uipige mara mbili, mara tatu. LIGNES_FICHE ina E mbili. Tarakimu saba ilikuwa kitufe kimoja kisafi pale kulia. Kila nilipofika mahali pa kuandika jina lile refu, au jina lingine lolote lililosimama badala ya saba, nilitazama mlango, kisha nikagonga saba. Nilifanya hivyo mahali tisa.

“Umetumia jina?” Byamungu akaniuliza.

“Nimetumia.”

Alijaribu programu, kadi zikatoka, majina saba kwa saba, hakuna kilichopungua. Huo ndio ubaya wa tarakimu tupu, wanangu. Siku unayoiandika haina kosa, inakungojea tu. Nikajiona nimemshinda mwalimu.

Baada ya muda karatasi ikarudi. Zilikuja karatasi nzima, nyeupe, na fishi mpya yenye mistari kumi na miwili. Sasa kila familia ikawa na fishi moja na kadi moja. Byamungu alipanda kule juu, akafuta 7, akaweka 12, akakaa. Kazi ya nusu dakika. Kwenye skrini mistari kumi na miwili ikatokea. Chef alitoa hotuba fupi ya dakika arobaini kuhusu kusonga mbele. Nilipiga makofi pamoja na wengine, na saba zangu tisa nilikuwa nimezisahau kabisa.

Hapa lazima niwaeleze jinsi fishi inavyojazwa kwetu, maana mnaweza kudhani watu huandikwa ovyo. Mgeni aliyepokewa nyumbani huandikwa wa kwanza, asijione mzigo. Anafuata mzee wa nyumba, kisha watoto kwa umri. Mama mwenye nyumba anajiandika mwisho kabisa, kama anavyokula. Hakuna aliyewaagiza. Nimepitisha maelfu ya fishi mikononi na sikumbuki hata moja ambamo mama alijitia juu ya mtoto wake.

Basi mashine ikawa inasoma mistari kumi na miwili na kuchapa saba. Familia ya watu wanane ilipata kadi ya watu saba, na aliyekatwa, karibu kila mara, alikuwa mama. Na hakuna aliyegundua, kwa sababu mwanamke kwetu haitwi jina lake. Ni Mama fulani, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Pale kwenye kugawa, karani aliita “Kwa Egide!” akapima chakula kulingana na idadi iliyoandikwa chini ya kadi, basi. Jina la ubatizo la mwanamke likikosekana kwenye orodha, nani angejua limekosekana? Hata mume angeweza kuisoma orodha yote bila kushtuka.

Huyo Mama Egide alikuwa anauza avoka kwenye lango letu. Alitembea kutoka Kanyosha kila asubuhi na beseni kichwani, na alikuwa mwanamke wa kicheko, mwenye kukuchagulia avoka kwa kuinusa. Siku moja nilimtazama akiinama, nikaona kitenge kinamzunguka karibu mara tatu.

“Mama Egide, unaumwa?”

“Apana, mama. Mi niko muzima.”

“Unakula lakini?”

“Watoto wanakula.”

“Mimi nakuuliza we.”

Alipanga avoka zake upya, ingawa zilikuwa zimepangika. “Kadi iko ya watu saba,” akasema.

“Na kwenu muko wangapi?”

“Tuko munane. Lakini mi walinitoa.”

“Nani alikutoa?”

Alitazama barabara upande huu na upande ule. “Wenyewe,” akasema polepole. “Kuna mutu alisema kitu juu yangu. Sijui nilimukosea nini.”

“Na hukuuliza?”

“Kuuliza, mama? Ukiuliza, wanakuweka kwa liste ingine.”

Niliingia ndani mbio, maana tayari nilijua. Nilifungua sehemu yangu ya programu, nikaiona saba ya kwanza, halafu ya pili. Chakula cha watu saba kililiwa na watu saba, na wa nane ndiye aliyekipika. Majuma kumi na moja mwanamke yule alilala akiwapitia kichwani majirani zake mmoja mmoja, akitafuta ni yupi anayetaka afe. Na jirani mwenyewe ni mimi, niliyekuwa nanunua avoka zake na kumpunguzisha bei. Nilifunga mlango wa choo nikalia, na mtu akaja kugonga, kwa sababu kama nilivyosema choo kilikuwa kimoja.

Ningetoka pale na kusema ukweli, habari ingeishia hapo. Sikusema. Niliogopa kufukuzwa, na niliogopa zaidi kwamba mtu angeniuliza kwa nini nimekata majina, na angekuwa tayari ana jibu lake. Juma lile lile kulikuwa na watu Kanyosha waliokaa wakahesabu, fishi kwa kadi, wakaona watu wanapungua. Ujumbe wa watu wa upande mmoja wa vita vile ukaja ofisini asubuhi na ushahidi kwamba mashine imewekwa kuwamaliza wao. Ujumbe wa upande wa pili ukaja alasiri na ushahidi kwamba imewekwa kuwamaliza wao. Pande sizitaji, mnazijua. Nawaambia tu kwamba ushahidi ulikuwa mzuri pande zote mbili, na sehemu yake ilikuwa kadi zile zile.

Chef aliwapokea wote kwa heshima, akawaahidi Tume. Kwetu jambo likitangaziwa Tume, kwanza hutafutwa viti. Watu tisa waliteuliwa, kwa mizani, ili kila upande uone kuwa upande mwingine umeonewa sawasawa. Walipewa chumba, chai, na katibu. Kisha Chef akabandika tangazo: programu ni ushahidi, mtu yeyote asiiguse mpaka Tume imalize. Kwa maneno mengine, kosa lilipewa ulinzi. Na Tume haikusema itamaliza lini, ila iliagiza sukari ya mwezi mzima.

Wa kwanza kuitwa alikuwa Byamungu, kwa kuwa programu ni yake na pia kwa kuwa yeye ni Mkongomani, na kumshuku Mkongomani ndilo jambo pekee pande zote mbili zingekubaliana. Walimhoji tangu asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri. Alipotoka, alikuja akaketi karibu nami, akavunja chapati yake vipande viwili.

“Nimeona saba zako,” akasema. “Ziko tisa.”

“Umewaambia?” nikamuuliza.

“Apana.”

“Kwa nini, Mwalimu?”

“We njo uliziandika, we njo utasema. Mi nilishakuuliza, ukasema umetumia jina. Nikaandika kwa kichwa yangu: Zuhura ametumia jina. Siwezi kuifuta mi mwenyewe.” Akanisukumia kipande cha chapati. “Lakini Alhamisi kuna kugawa. Wale wamama hawatakula Commission.”

Hakuniinulia sauti, na hilo ndilo liliniumiza. Kama angenitukana ningepata nafasi ya kukasirika.

Kesho yake, Jumatano, nilijifunga mtandio vizuri nikaingia mbele ya Tume bila kuitwa. Nilisimama nikasema yote: kibodi, herufi E, uvivu, uongo niliomwambia Byamungu, saba tisa. Nilitegemea kelele. Wale mabwana walitazamana kama watu walioletewa chakula ambacho hawakuagiza.

“Madame,” akasema mwenyekiti, mzee wa suti ya kahawia, “unataka tumwambie Waziri kwamba ni saba?”

“Ndiyo, mzee. Ni saba.”

“Saba tu?”

“Saba tu.”

Mjumbe mmoja mwenye miwani akainua kalamu. “Hiyo saba,” akauliza, “iko ya upande gani?”

“Ni yangu,” nikasema. “Ni ya uvivu.”

Waliniomba nitoke kidogo. Nilisubiri nje, nikisikia vijiko vinagonga vikombe. Waliponirudisha, katibu alinisomea uamuzi: kulitokea hitilafu ya kiufundi ambayo chanzo chake hakikuweza kujulikana. Na mimi, chanzo, nimesimama pale mbele yao, ninaonekana. Nilikusudia kupinga, mwenyekiti akaniinulia mkono. Ukweli wangu ulikuwa mdogo mno kwa watu tisa na sukari yote ile. Hata hivyo waliandika mstari mmoja wa maana, kwamba mashine iruhusiwe kurekebishwa, na mimi nikautoa mstari ule chumbani mbio kabla hawajaujadili.

Vijana, hapa ndipo nilipofanya kosa la pili, na hili nyote mmelifanya. Nikiwa na haraka ya Alhamisi, nikaiambia mashine itafute kila 7 katika sehemu yangu iibadilishe kuwa 12, mara moja. Nikachapa kadi ya majaribio. Majina kumi na mawili yote yalikuwepo, mama yuko mwisho mahali pake. Nikaipeleka kwa Chef, akaisoma mbele na nyuma, akaipiga muhuri. Byamungu akaichukua na kuisogeza karibu na macho.

“Madame Zuhura, hapa chini imeandikwa, rudi baada ya siku kumi na mbili.”

“Ya Allah.”

“Umeongeza siku tano kwa wiki. Mungu alimaliza dunia kwa saba, akapumzika ndani yake. We unataka nini zaidi?”

Kwenye sehemu yangu, saba nyingine zilikuwa za fishi na nyingine zilikuwa za wiki. Nilipokuwa naziandika zilifanana, na mashine haina namna ya kujua ulikuwa unawaza nini. Ndiyo maana nawaambia, namba mbili zikilingana leo si kitu kimoja. Zipe majina mawili, hata kama zote ni saba, maana moja ni ya karatasi na nyingine ni ya Mungu, na siku karatasi itakapobadilika Mungu habadiliki nayo. Na jina liseme ile kazi ya namba, lisiseme namba yenyewe. Kuhusu Chef kuipigia muhuri wiki ya siku kumi na mbili, sikushangaa sana. Tulikuwa tumepitisha mambo makubwa kuliko hayo, yakiwa na muhuri.

Tulikaa wawili, tukazipitia tisa moja moja. Sita zilikuwa za karatasi, tukazipa LIGNES_FICHE. Mbili zilikuwa za wiki, zikaenda kwenye jina la fungu la kwanza. Ya tisa hatukujua ni ya nini. Niliiandika kwa mkono wangu, lakini tulipoitoa programu iligoma. Byamungu akaiwekea jina kule juu, SIJUI = 7, akasema angalau sasa ujinga wetu una anwani. Alhamisi saa nne asubuhi kadi za Kanyosha zilitoka zikiwa kamili.

Nilimfuata Mama Egide langoni kumwambia. Nilimweleza kwamba hakuna jirani aliyesema kitu, kwamba ni mimi na kidole changu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Kumbe ni we tu,” akasema.

“Ni mi tu. Unisamehe, Mama Egide.”

“Yoo! Na mi nilishaacha kusalimia Mama Jonas.” Akacheka, kisha kicheko kikakatika katikati, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Akanichagulia avoka, akainusa, akanipa, na akakataa niilipie. Nililazimika kuila mbele yake. Sijawahi kula kitu kigumu namna ile, na ilikuwa imeiva vizuri.

Sasa Chef. Mnadhani alijifunza? Alijifunza sana. Alitoa waraka kwamba kuanzia siku ile kila namba lazima iwe na jina, jambo zuri, na kwamba jina lazima lieleweke na kila mtu, jambo zuri pia. Kisha akatoa majina yenyewe. Saba iitwe SEPT, yaani saba kwa Kifaransa. Kumi na mbili iitwe DOUZE, yaani kumi na mbili.

“Chef,” Byamungu akamwambia kwa upole wa mwalimu wa darasa la kwanza, “na siku tukitaka kuibadilisha?”

“Haitabadilika. Si umesema iko constante?”

“Lakini kama fishi itakuwa na mistari kumi na tano?”

“Mutu akisoma DOUZE anaelewa mara moja. Akisoma yako ya lignes, lignes, anaanza kuuliza maswali. Na maswali ndiyo yalituletea Commission.”

Ikapigwa muhuri. Orodha ya majina ikatundikwa ukutani ndani ya fremu, SEPT = 7, DOUZE = 12, na chini sahihi tatu. LIGNES_FICHE, jina zuri la kazi, likafutwa, mistari ya fishi ikaitwa DOUZE. Siku za wiki zikaitwa SEPT, na SIJUI nayo ikaitwa SEPT ya pili. Nilitegemea Byamungu atakasirika. Alikwenda nyuma ya nyumba, kwenye maua, akacheka hadi akaketi chini.

Baadaye kukawa na mapigano milimani juu ya mji, na watu wakashuka kwa wingi siku chache. Ilitangazwa kujaza fishi upya Kanyosha, nami nilikwenda na makarani kuandika. Mama Egide alikuja kwenye meza yangu. Dada yake alikuwa ameteremka na watoto wanne, na wote watano walilala kwake. Alinitajia majina, nikaandika. Dada kwanza, na watoto wake wanne, kwa kuwa ni wageni. Kisha bibi, kisha mume, kisha watoto wake mwenyewe watano. Nikafika chini. Mstari wa kumi na mbili ulikuwa wa kitinda mimba wake.

“Basi,” akasema. “Imetosha.”

“Na we?”

“Fishi imeisha, mama.”

Alisema hivyo bila uchungu wowote, anavyosema mtu aliyeambiwa ndoo imejaa. Alikwisha kugeuka ampishe mwenzake. Nilimwambia angoje. Nikachukua kalamu, nikaandika pembezoni, chini ya mstari wa mwisho, pale karatasi ilipobaki tupu: Godeliva. Hilo ndilo jina lake. Nilikuwa nalijua tangu siku ile ya saba tisa, nilipokwenda kulitafuta kwenye fishi yake ya zamani.

Kubadilisha mistari ya fishi kulihitaji sahihi tatu na fremu mpya. Nilikaa mbele ya mashine, nikapanda kule juu. Kazi ilikuwa ya mahali pamoja tu, kwa kuwa safari hii kila mahali pengine palikuwa na jina. Nikaandika DOUZE = 13. Kumi na mbili ni kumi na tatu. Mimi ninayewaambia jina liseme kweli, niliandika uongo ule kwa mkono wangu, na Byamungu alikuwa amesimama nyuma yangu na chapati yake, akaona, akaendelea kutafuna. Ukutani fremu ilisema vingine. Chef aliipita kila siku na hakugundua, kwa maana kadi zilitoka na hakuna ujumbe uliokuja.

Siku ya kugawa nilishuka Kanyosha. Karani aliita “Kwa Egide!” Mama Egide akaja, akapokea kadi, akaipitishia kidole jina kwa jina, alivyozoea kufanya tangu ile shida. Alipofika chini kidole kikasimama. Alisoma jina lake, akalisoma tena, midomo ikitembea bila sauti. Halafu akaniinulia uso, na uso ule ulikuwa umebadilika rangi.

“Mama Zuhura,” akasema, “ni nani amekufa?”

Sikumwelewa. Nikamuuliza anasema nini.

“Fishi ilikuwa imejaa. Kama mi nimeingia, kuna mutu ametoka. Ni nani? Niambie tu.”

Nilimshika mkono. “Hakuna mutu amekufa. Ni mi nimeongeza mustari.”

Hakuniamini. Aliweka gunia chini, akaanza tena juu kabisa, kwa dada yake, akishuka na kidole polepole, akitaja kila mtoto kwa sauti, mpaka akawakuta wote.